Ziara Arobaini na Moja za Mwekezaji wa Nyakerema

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye taarifa imenifikia saa tatu asubuhi kwamba hatafika, na hivyo namsalimia kupitia kiti chake chenye kitambaa. Mheshimiwa Diwani, ambaye amemtuma mdogo wake, ambaye naye amemtuma mke wake, karibu sana shemeji. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu ya Uwekezaji na Mashirikiano ya Kimataifa ya Kijiji cha Nyakerema, wajumbe wa Kamati Ndogo, na wajumbe wa Kamati ya Kupendekeza Wajumbe. Viongozi wetu wa dini, padri na ustaadhi, mnaogawana mwavuli mmoja kwa amani inayopaswa kuigwa. Wafanyabiashara na mafundi kutoka mjini Musoma, hususan Mzee Hamduni, mchora mabango wa Iringo. Kina mama waanika dagaa mliokaa upande wangu wa kushoto, mliokataa viti mkakaa mchangani kwa sababu ambazo uongozi unaendelea kuzifanyia kazi. Wavuvi mlioamka na mliolala. Na juu ya wote, kwa heshima na taadhima, Mheshimiwa Mwekezaji wetu kutoka Jamhuri ya Watu wa China, Bwana Liu, uliyeketi hapo mbele na kizibao chako cha kung'aa: itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa naomba isamehewe, maana niliyeipanga ni mimi.

(Makofi ya wastani. Bwana Liu anainua mkono kuwasalimia watu.)

Mimi naitwa Felisian Mugeta, Mwenyekiti wa Kamati Kuu. Wengi mnanifahamu, na wengine mnanifahamu kuliko nilivyopenda. Nina umri wa miaka hamsini na mitatu, sina digrii, lakini ninacho cheti cha semina ya siku mbili iliyofanyika Kabasa, Bunda, kuhusu namna ya kutambua fursa, na cheti hicho nimekipiga laminesheni pande zote mbili, pamoja na upande usio na maandishi.

Ndugu wananchi, leo tunaadhimisha mwaka mmoja wa Mradi Mkakati wa Ubia wa Kimataifa wa Kukausha na Kuongeza Thamani ya Dagaa, kwa kifupi MMUKIKUKUTADA, jina ambalo kamati ililitafuta kwa vikao vinne, na ambalo hadi leo hakuna mjumbe aliyefanikiwa kulitamka bila kumeza mate katikati. (Kicheko.) Chekeni tu, ndugu zangu. Kicheko nacho ni kiashiria cha utekelezaji, na nitakiingiza kwenye ripoti ya robo mwaka chini ya kichwa cha ushirikishwaji wa jamii.

Eneo mlilokaa sasa hivi ndilo eneo la mradi. Ni mita themanini kwa hamsini za mchanga uliotulia, tambarare, zenye upepo wa ziwa kutoka mbele na jua lisilozuiliwa na mti wowote, ambazo mtaalamu yeyote wa ukaushaji, akiletwa hapa akiwa amefungwa macho, atajua papo hapo kwamba dagaa atakauka kwa siku moja.

(Mama Rhobi, kiongozi wa kina mama waanika dagaa, bila kusimama: "Tunajua. Tulikuwa tunaanikaga hapa miaka kumi na minane.")

Ahsante, Mama Rhobi, kwa kuunga mkono hoja.

Sasa, kwa faida ya vizazi vijavyo na kwa faida ya shemeji ambaye hakuwepo, nieleze mradi ulivyoanza. Ilikuwa Jumamosi ya mwaka jana, saa nne na dakika kumi asubuhi, wiki mbili tu baada ya semina ya Kabasa, nikiwa ofisini nikitafakari mustakabali wa uchumi wa kijiji huku viatu nimevivua, ndipo nikaona pikapu nyeupe inashuka kutoka barabara kuu, ikasimama mbele ya ofisi, akateremka Mchina. Ndugu zangu, kiongozi asiye na maono angemwendea akamuuliza, "Bwana, unatafuta nini?" Mimi sikumuuliza. Mwaka mzima sijamuuliza. (Minong'ono.) Mwezeshaji wa Kabasa alitufundisha kwamba mwekezaji makini haongei sana, anaangalia sana. Na huyu hakuongea. Aliangalia ziwa, akaangalia mitumbwi, akaziendea chanja za kina mama za kuanikia dagaa, akainama, akaokota dagaa mmoja, akamnusa, akamvunja katikati, akamtafuna. Nikawaambia wajumbe kwa sauti ya chini: tulieni, upembuzi yakinifu unafanyika mbele ya macho yenu.

Baada ya hapo nilimkaribisha ndani, nikamtolea hotuba ya makaribisho ya dakika arobaini kwa lugha ya Kiingereza, Kiingereza changu mwenyewe, ambacho mwalimu wangu wa sekondari aliwahi kukiombea. Nilipomaliza, mgeni akaweka soda chini akaniambia, "Ahsante sana, mzee." Kwa Kiswahili kilichonyooka kabisa. Mtu mwingine angeshtuka hapo. Mimi niliwageukia wajumbe nikawaambia: mmeona wenzetu wanavyojifunza upesi, dakika arobaini tu.

(Kicheko kirefu. Bwana Liu naye anacheka.)

Kisha tukamsainisha. Kama mjuavyo, hakuna mgeni anayeingia ofisi ya kijiji hiki, awe mkaguzi wa elimu, awe mchanja kuku, bila kusaini kitabu cha wageni. Ndivyo tulivyo. Mtu akija mbio kutuambia ofisi inaungua, atasaini kwanza. Basi mgeni akaandika jina, akaandika atokako, akaandika dhumuni la ziara, akaweka sahihi, nasi tukagonga muhuri. Jioni ileile Kamati Kuu ilikutana kwa dharura na kuridhia kwamba, kwa kuwa waraka huo una jina la upande wa kwanza, muhuri wa upande wa pili, tarehe na sahihi, basi umetimiza sifa zote za Memorandamu ya Makubaliano ya Ubia kati ya China na Nyakerema. Kitabu tukakifungia kabatini. Tangu siku hiyo wageni wengine wanasaini nyuma ya kalenda.

Ndugu wananchi, sasa naomba nijielekeze kwenye mafanikio, na hapa nitatumia takwimu, kwa hiyo wenye usingizi wajiandae.

Katika kipindi cha miezi kumi na miwili, kamati imekaa vikao sitini na vitatu dhidi ya lengo la vikao kumi na viwili, sawa na utekelezaji wa asilimia mia tano ishirini na tano. Hakuna kamati mkoa huu iliyokaa kama sisi. Mjumbe mwenzetu Lameck alikaa mpaka daktari akamkataza kukaa. Tulifanya pia ziara ya mafunzo Makoko, watu kumi na mmoja, kwenda kuona kiwanda cha samaki kinafananaje, na kwa kuwa mlinzi hakuwa na taarifa zetu, tulijifunza ukuta. Ni ukuta mzuri. Lameck aliupima kwa hatua, na ripoti ya ukuta huo, kurasa thelathini na mbili, ipo ofisini kwa yeyote anayependa kuta.

Tulizungushia uzio, tukaweka bango. Mnaliona pale. Kiwanda chenye mabomba saba ya moshi, Mchina na Mwafrika wameshikana mikono, na chini yao dagaa mkubwa anatabasamu.

(Mzee Hamduni, kutoka kwenye kiti chake: "Mwenyekiti, nilikwambia dagaa hana midomo ya kucheka. Ukanilazimisha.")

Nilikulazimisha, Mzee Hamduni, kwa sababu dagaa akishaingia kwenye mnyororo wa thamani lazima aonekane ameridhika. Na yale maandishi ya Kichina, kwa wale wasiofahamu, tuliyanakili kwa uangalifu mkubwa kutoka kwenye katoni ya chupa za chai, ili mgeni wetu ajisikie nyumbani.

(Bwana Liu anatazama bango, anafunika mdomo kwa kofia.)

Anaona fahari. Vilevile tuliweka jiwe la msingi. Wapo waliosema kwamba mwamba huu ulio nyuma yangu ulikuwepo hapa kabla ya kamati, kabla ya kijiji, na huenda kabla ya binadamu. Sikatai. Tulichofanya sisi ni kuupaka chokaa na kuurasimisha.

Na mwisho, kwa upande wa maandalizi ya eneo, tuliondoa vikwazo vyote vya uwekezaji, yaani chanja ishirini na sita za kuanikia dagaa zilizokuwa hapa, na wamiliki wake tukawahamishia eneo mbadala kule juu kando ya barabara, eneo ambalo lina mandhari nzuri sana.

("Lina vumbi," anasema Mama Rhobi. Kina mama wengine: "Lina kokoto." "Lina mbuzi.")

Lina mandhari, vumbi, kokoto na mbuzi. Nimepokea maoni yote.

(Mama Rhobi anasimama, anajifunga kanga vizuri kiunoni. "Mwenyekiti, mimi sikuja kuharibu sherehe yako. Nimekuja na swali moja, nikijibiwa nakaa. Giza linaingia Alhamisi. Mwezi hautakuwepo, mitumbwi yote itatoka, dagaa itakuja kwa ndoo na ndoo. Tunaanika wapi?")

Ni swali zuri sana, Mama Rhobi, lina mantiki, limekuja kwa wakati, na nitalijibu kwenye majumuisho.

("Majumuisho ni saa ngapi?")

Ni baada ya takwimu. Tena nimebakiza takwimu moja tu, ndiyo kubwa kuliko zote, na nilikuwa nimeitunza kama mtu anavyotunza kichwa cha sangara mpaka wageni wamalize mkia. Ndugu wananchi, wapo watu katika kata hii, siwataji majina ingawa nawaona, wanaosema mwekezaji hana nia. Naomba muisikie hii. Katika mwaka huu mmoja, Bwana Liu amefanya ziara za ukaguzi katika kijiji hiki mara arobaini na moja. Arobaini na moja. Kila Jumamosi, mvua au jua, isipokuwa zile za mbalamwezi mitumbwi isipotoka, pikapu ile nyeupe imeshuka hapa. Na kila aliposhuka hakurudi mikono mitupu, alichukua sampuli za kupeleka maabara: sangara wawili au watatu, na gunia moja la dagaa kavu. Nani kati yenu amewahi kuona mwekezaji anayechukua sampuli kwa gunia?

(Kicheko kinaanzia kwa kina mama na kusambaa hadi kwa wavuvi. Mwenyekiti anasubiri. Mama Rhobi bado amesimama.)

Mama Rhobi, naona una nyongeza.

("Mwenyekiti, kaka yangu, hiyo si sampuli. Ananunuaga. Anakujaga kwangu. Dagaa yetu inakwenda jikoni, kule kambi ya wajenzi wa barabara, upande wa Butiama. Watu mia mbili wanakula, Wachina na Waswahili, meza moja.")

Kila Jumamosi?

("Kila Jumamosi. Tulikubaliana kwa mdomo, mimi na yeye, hapohapo ulipoweka kipaza sauti. Ni wiki ileile uliyomsainisha. Mimi nampa dagaa safi isiyo na mchanga, yeye hanunui kwa mtu mwingine. Hajawahi kukosa, nami sijawahi kukosa. Mpaka ulipotuhamisha.")

Endelea, Mama Rhobi. Siyo kwamba napenda, ila endelea.

("Kule barabarani kila lori likipita vumbi lote linakuja kwenye dagaa. Chanja hazisimami kwenye kokoto, tunaanika chini. Mara tatu sasa ameniambia, mama, dagaa ina mchanga. Jumamosi iliyopita amesema giza hili ikija na mchanga tena, atachukua soko la Bunda. Hakusema kwa hasira. Alikuwa na aibu, hata hakuniangalia. Sasa mwenyekiti, kina mama ishirini na sita wanakula kwa huyo mteja mmoja. Ndiyo maana hatukukaa kwenye viti vyako.")

Ndugu wananchi, hotuba niliyoandika, kurasa kumi na nne, hapa inasema: "Makofi." Naiona. Nairuka.

Kwa mujibu wa kanuni, hoja iliyotolewa na upande mmoja wa ubia lazima ithibitishwe na upande wa pili. Na kwa ajili hiyo kamati ilimwandaa ndugu Gody, kijana wetu mwenye vipaji, ambaye kwa miezi kumi na moja amekuwa akijifunza Kichina kupitia simu yake, usiku na mchana, kwa bando la kamati. Gody, msogelee Mheshimiwa Mwekezaji umuulize, kwa lugha ya kidiplomasia, kama maelezo haya yana ukweli wowote.

(Gody anasimama mbele ya Bwana Liu, anainama, anatamka maneno sita kwa sauti ya kuimba. Bwana Liu anamsikiliza mpaka mwisho. "Kijana, samahani, sijaelewa," anasema. "Sema Kiswahili tu." Watu wanaanguka kwa kicheko. Gody anarudi kwenye kiti chake akiangalia simu kana kwamba ndiyo yenye makosa.)

Kipaza sauti apewe mgeni. Mpeni tu. Siku imeshaharibika, acheni iharibike kwa utaratibu.

(Bwana Liu anasimama. "Shikamooni wazee. Kina mama, habari za saa hizi. Mimi naitwa Liu. Niko Tanzania miaka tisa: Dodoma, Shinyanga, sasa Mara. Kambini mimi ni mtu wa stoo na jiko. Siku ya kwanza nilikuja kutafuta samaki. Mzee huyu akanipa soda, akaongea sana. Nilifikiri ni mchungaji." Kicheko. "Kila nikija, watoto wanasema, mwekezaji amekuja, mwekezaji amekuja. Nikafikiri hapa ndiyo jina la Mchina.")

Na bango, Bwana Liu? Kwa faida ya kumbukumbu. Umelitazama sana.

("Bango linasema: beba polepole, vitavunjika.")

(Mzee Hamduni anajifunika uso kwa kofia. Kicheko kinachukua muda mrefu kutulia. Bwana Liu anaendelea: "Mzee, usikasirike. Mimi sina kiwanda. Kiwanda sijui kujenga, najua kupika. Lakini dagaa ya huyu mama, mwaka jana, ilikuwa nzuri sana. Safi. Wenzangu walituma mpaka nyumbani. Sasa ina mchanga, watu wanalalamika meno. Nilitaka kumwambia arudi chini hapa, lakini nikaona uzio na bango. Nikafikiri mkubwa fulani anajenga nyumba, si vizuri kuuliza.")

Ahsante, Bwana Liu. Kaa. Au simama, eneo ni lako. Siyo lako, nimekosea, ndilo jambo lenyewe tunalolizungumza.

Namwomba karani wetu, Getruda, alete kile kitabu. Najua unacho, Getruda, ulikuwa umekileta kwa ajili ya maonyesho, kimefungwa utepe. Fungua utepe. Fungua ukurasa wa ubia. Soma kilichoandikwa kwenye safu ya dhumuni la ziara, soma kwa sauti, usinionee huruma.

(Getruda anasoma: "Samaki." Anasita. "Halafu kuna maneno mengine, kwa kalamu nyekundu: na mashirikiano ya kimataifa.")

Kalamu nyekundu, ndugu wananchi, katika kijiji hiki anayo mtu mmoja. Yuko mbele yenu na amevaa tai.

(Getruda anafunga kitabu.)

Nilidhani mgeni amefupisha. Huo ndio ukweli, na nautoa kwa masikitiko makubwa na kwa kiwango cha asilimia mia moja. Kule Kabasa tulioneshwa picha za vijiji vilivyopata wabia, watu wamevaa kofia ngumu, wanakata utepe, na mwezeshaji akatuuliza, "Na ninyi mnangoja nini?" Nikarudi na swali hilo kichwani kama mtu aliyerudi na homa. Kwa hiyo aliposhuka Mchina wa kwanza, ndugu zangu, asingekuwa mwekezaji ningemfanya awe. Angekuja kuuliza choo kilipo, leo tungekuwa tunaadhimisha mradi wa maji taka.

(Kicheko, cha upole zaidi.)

Nilitafuta ubia mwaka mzima kwa vikao sitini na vitatu, kumbe upo, unafanya kazi kila Jumamosi bila kamati, bila nembo, bila hata soda. Mama mmoja wa Nyakerema na mtu mmoja wa stoo wameaminiana kwa mdomo. Sikuuona kwa sababu haukuwa na muhuri. Na nilipotaka kuukaribisha ubia mkubwa zaidi, nikaung'oa huu mdogo kwa mikono yangu, chanja moja baada ya nyingine, nikiwa nimevaa glavu. Mke wangu Adventina, ambaye chanja yake ilikuwa ya kumi na tisa kung'olewa, yuko palepale mchangani pamoja na wenzake. Tangu hapo ananiita Mheshimiwa hata tukiwa mezani. Aliponiambia dagaa inaingia mchanga, nilimjibu alete hoja yake kwa maandishi.

(Adventina: "Niliileta. Uliifungia kabatini, Mheshimiwa.")

Imo kabatini. Nakiri mbele ya padri na ustaadhi.

Kwa hiyo sasa nafika kwenye majumuisho, Mama Rhobi, na naona bado umesimama, sitakuweka sana. Kwa mamlaka niliyopewa na barua niliyoiandika mwenyewe na kuisaini mwenyewe, natamka rasmi kwamba MMUKIKUKUTADA umekamilika kwa kiwango cha asilimia sifuri. Eneo hili, mita themanini kwa hamsini, linarudishwa kwa waanika dagaa kuanzia sasa hivi, siyo kuanzia mwaka wa fedha ujao, siyo baada ya tathmini. Uzio utolewe, nguzo zake zikatwe ziwe miguu ya chanja. Bango lishushwe, bati lake ni zuri, Mzee Hamduni alinihakikishia halishiki kutu, basi liezekwe kwenye kibanda cha kuhifadhia dagaa, upande wa picha utazame ndani. Na nilikuwa napendekeza tuunde kamati ndogo, ya watu saba tu, ya kusimamia zoezi la kurudisha chanja...

(Mkutano mzima: "Hapana.")

Hapana. Pendekezo limeondolewa. Kamati Kuu nayo imevunjwa, na Lameck anaruhusiwa kusimama.

(Bwana Liu anamwinamia Mama Rhobi, wanazungumza. Mama Rhobi anasema kwa sauti: "Amesema Jumamosi hii anangoja. Hatakwenda Bunda. Dagaa ya Alhamisi ikianikwa hapa, Jumamosi anakuja kuitafuna mwenyewe kwanza." Bwana Liu: "Nitatafuna." Vigelegele.)

Huo ndio upembuzi yakinifu, ndugu zangu, nami niliuona mwaka jana kwa macho yangu na bado nilihitaji kuambiwa.

Kabla sijashukuru, tupige kaulimbiu. Niliyoandaa ilikuwa na maneno kumi na saba, sitaisoma. Nikisema mashirikiano, mjibu mnavyoona inafaa. Mashirikiano.

(Kina mama: "Bila mchanga.")

Mashirikiano.

("Bila mchanga." Sasa wote, pamoja na padri.)

Nawashukuru. Namshukuru Mgeni Rasmi kwa kutokuja, maana angekuja leo ningelazimika kumaliza kurasa zote kumi na nne. Namshukuru ndugu Gody, na namwomba aendelee na Kichina, siku moja atatokea Mchina asiyejua Kiswahili. Namshukuru mlinzi wa Makoko kwa uzalendo wake. Nawashukuru wajumbe wa kamati, waliokaa mpaka wakavunja benchi mbili. Namshukuru Bwana Liu, ambaye kwa mwaka mzima ameitwa Mheshimiwa Mwekezaji akavumilia kama mtu aliyepewa jina la utani ugenini, na ambaye alikuja Nyakerema kununua samaki, akanunua samaki, akashukuru, akaondoka, jambo ambalo hakuna kiongozi wa hapa aliyekuwa amejiandaa nalo. Naishukuru mitambo ya kukaushia ambayo haikuagizwa, wafanyakazi mia tatu na ishirini ambao hawakuajiriwa, na kiwanda chenyewe, ambacho hakikuchafua ziwa hata siku moja, hakikumnyanyasa mtu, wala hakikukatikiwa umeme, kwa sababu hakikuwahi kuwepo mahali popote isipokuwa kwenye bango la Hamduni na kwenye kichwa changu.

Nilikuwa na kurasa nyingine za shukrani, lakini naona kina mama wameshaanza. Wameng'oa nguzo mbili za uzio wakati nikisema, nami nikajifanya sioni ili niweze kumaliza. Mama Rhobi ananionesha kwa kidole. Anasema chanja ya kwanza imeshapimwa, misumari ipo, nyundo ipo, kinachokosekana ni mtu wa kushikilia mguu usiyumbe wakati wanapigilia, na kwamba ametazama mkutano wote huu akaona asiye na kazi ni mmoja tu. Basi, waheshimiwa, naomba mtu anipokee hiki kipaza sauti, na mwingine anishikie tai.